Ratili Imerudi Mlimani

Wapo wasomi miongoni mwetu wanaodhani kwamba suala la vipimo ni la wachuuzi wa sokoni na mizani zao. Nawaomba wasimame asubuhi moja penye lango la Machame au la Marangu, mahali inapopimwa mizigo ya wapandao Mlima Kilimanjaro. Wataona mizani inayosoma kilo, watasikia kanuni inayotamka kilo, na watamkuta kijana wa Kitanzania ambaye shuleni alifundishwa kilo. Lakini mfuko uliowekwa mbele yake umefungashwa kwa ratili.

Kanuni ya hifadhi haina utata: mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi za utalii humtaka mgeni asizidishe kilo 15 katika mfuko wake, ili ibaki nafasi ya mkeka, hema au chakula. Mgeni atokaye Ujerumani huelewa mara moja. Mgeni atokaye Marekani hajazoea kilo. Amelelewa na ratili, ambayo vijana wa leo huiita pauni, na mgawanyo wake wa wakia 16. Hilo si kosa lake. Kosa ni la wakala, mara nyingi mwenzetu wa hapa hapa, anayemwandikia orodha ya vifaa kwa ratili ili kumfurahisha, au asiyemwandikia kipimo chochote na kumwachia abahatishe.

Naye mgeni akibahatisha hushika kipimo anachokijua, yaani kile cha mashirika ya ndege: ratili 50 kwa begi moja. Hufungasha ratili 50, huabiri ndege bila kutozwa senti, na huteremka akiamini kwamba yu ndani ya sheria. Ratili 50 ni kilo 22 na gramu 680. Begi la mtu mmoja limekwisha kuvuka mzigo wote halali wa mpagazi kabla halijaongezwa hata sufuria. Wakulima wetu wanaijua dhuluma hii kwa jina la lumbesa. Tofauti ni kwamba lumbesa hii hupanda mlima.

Hapo ndipo hesabu za kubabaisha huanza. "Gawa kwa mbili," husema msimamizi. Kwa haki nikiri kwamba kugawa kwa mbili humpendelea mpagazi, kwa kuwa ratili 40 huonekana kilo 20 ilhali ni kilo 18 na kidogo. Lakini makadirio yanayomsaidia leo humnyang'anya hoja kesho. Akigomea ratili 44 akisema ni kilo 22, kisha akaoneshwa kwenye kikokotoo kwamba hazifiki hata kilo 20 kamili, ataonekana mjinga mbele ya wenzake. Safari ijayo atanyamaza, hata mbele ya ratili 50.

Historia nayo ina neno. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ilikuwa ratili 35. Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi kutoka Tabora hadi Bagamoyo ulifika ratili 60 au 70, takriban kilo 27 hadi 32. Katika Vita Kuu ya kwanza ya Dunia, Waingereza waliwasomba Waafrika kwa maelfu mengi kuwa wachukuzi wa jeshi, na shehena zao ziliandikwa kwa ratili hizo hizo. Baada ya Uhuru tuliiacha ratili, tukachukua kilo na mita. Leo kilele cha mlima ule ule kinaitwa Uhuru, na njia ya kukiendea imeachwa wazi ili ratili irudi.

Watatokea wa kusema kwamba mgeni ndiye aletaye fedha za kigeni, basi tumfuate kwa lugha ya vipimo vyake. Hiyo ni kasumba. Ratili yenyewe haijitegemei. Bunge la Marekani liliihalalisha metriki mwaka 1866. Mwaka 1875 nchi hiyo ilitia sahihi Mkataba wa Mita. Na tangu 1893 ratili yake imefafanuliwa kwa kilo. Mwaka 1959 ilikubaliwa kimataifa kuwa ratili moja ni kilo 0.45359237. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya kuhamia metriki, lakini ikaachwa kuwa hiari, na bodi iliyopewa kazi hiyo ikavunjwa mwaka 1982. Gharama yake waliiona wenyewe mwaka 1999, chombo chao kilichotumwa kuizunguka sayari ya Mars kilipopotea kwa sababu upande mmoja ulikokotoa kwa ratili na wa pili kwa vipimo vya metriki. Na mwaka 1983 ndege ya abiria nchini Kanada iliishiwa mafuta angani kwa kuwa lita ziligeuzwa kuwa ratili mahali palipotakiwa kilo. Abiria waliokolewa na ustadi wa rubani. Mpagazi mwenye goti bovu hana rubani.

Jambo linaloudhi zaidi ni hili. Wapo wapanda milima wa huko ambao huhesabu kila wakia. Hukata mpini wa mswaki, hulinganisha makoti kwa gramu, na hujisifu wakiweza kuiweka shanta chini ya ratili 10, bila kuhesabu maji na chakula. Usahihi huo wanao, ilimradi mgongo ni wao. Mgongo ukiwa wa mwingine, ratili 50 huwa "kama kilo 20 hivi".

Basi orodha zote za vifaa zinazotoka Moshi na Arusha ziandikwe kwa kilo peke yake. Mgeni anunue mizani ndogo ya mkononi, ambayo nyingi zina kitufe cha kubadili kipimo, na akibonyeze kabla hajafunga begi. Mizigo ipimwe hotelini jioni ya kuamkia safari, mpagazi mwenyewe akisoma tarakimu. Ndugu walimu wa Kilimanjaro na Arusha, wengi wa vijana hawa, ambao hujiita wagumu, walipita mikononi mwenu; wapeni walio darasani sasa hesabu za mlima badala ya zile za sukari na unga. Maji lita 3 ni kilo 3. Ratili 33 ni kilo 15. Na mizani ikisoma 23, kilo 3 zishushwe hapo hapo na zibaki hotelini, au aajiriwe mpagazi wa pili kwa ujira kamili.