Diski Zetu, Ufunguo wa Nani?

Umeme uliporudi kwa kishindo, kadi iliyodhibiti diski za seva yangu ya nyumbani iliungua. Diski zote 4 zilikuwa nzima, lakini mahojiano yangu ya utafiti ya miaka 9 hayakusomeka. Kadi ya RAID hupanga data kwa utaratibu wa mtengenezaji wake. Ikifa, kwa kawaida hutafutwa nyingine ya mtengenezaji yuleyule. Nilimiliki diski, si kumbukumbu. (Nami niliichagua kwa sababu ilikuwa ghali!)

Asasi za kiraia zinazotunza ushahidi wa watu zisirudie kosa hili. Zichague kadi sahili inayoukabidhi mfumo endeshi diski kama zilivyo. LSI 9211-8i, kwa mfano, hupokea diski 8, na programu yake ya ndani inaweza kubadilishwa ili isiingilie lolote. Ulinzi uachiwe ZFS, programu huria iliyoasisiwa Sun Microsystems, inayokagua data kila inaposomwa. Kadi ikiungua, diski huhamishiwa mashine nyingine yenye ZFS na kusomeka.

Muuzaji atasifu betri ya kadi ya RAID, inayolinda data ambayo haijaandikwa umeme unapokatika. Ni kweli. Betri hiyo haikunisaidia miezi 5 niliyotafuta kadi ya pili.