Tuandae Masomo Yanayofunguka

Mwaka jana nilikuwa field Bagamoyo, kwenye shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja. Mwalimu mwenyeji wangu alinikabidhi CD ya masomo ya fizikia aliyoitunza kwa miaka mingi: unabofya swichi, taa inawaka, mshale wa ampea unasogea. Nikaandika andalio la somo zima juu ya ile CD. Kidato cha pili, mada ya umeme.

Siku ya kipindi wanafunzi wamejazana watano watano kwa kila kompyuta. Nabofya. Kinatokea kisanduku cha kijivu: programu-jalizi haitumiki tena. Kumbe likizoni fundi alikuwa amesasisha vivinjari vyote. Nilihangaika dakika ishirini za kipindi cha dakika arobaini, nikaishia kuchora saketi ubaoni. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, kwani kompyuta zimeharibika?"

Hazikuharibika. Kilichokufa ni Flash. Simaanishi ile flashi ya kubebea muziki. Naongelea programu ya kampuni ya Adobe iliyokuwa inachomekwa kwenye kivinjari ili kionyeshe katuni, video na michezo. Zamani kivinjari peke yake kilijua maandishi na picha, basi. Hata PDF ilitaka programu-jalizi yake. Na kila programu-jalizi ilikuwa mlango mwingine wa wezi wa mtandaoni, ndiyo maana vivinjari vikaanza kuifunga milango hiyo. Chrome iliacha programu-jalizi za mtindo wa zamani, Java ikiwemo, mwaka 2015. Firefox ikafuata 2017, ikabakiza Flash tu. Mwaka huohuo Adobe wakatangaza kwamba Flash itafika mwisho tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikazuiwa kabisa kuonyesha chochote.

PDF yenyewe ilinusurika. Chrome ilianza kuifungua yenyewe mwaka 2010, Firefox mwaka 2013. Ndiyo maana leo notisi zako zinafunguka kwenye kompyuta bila kuongeza kitu.

Kuna watakaosema ni usalama, na wako sahihi. Mimi pia sitaki Flash irudi. Ila tangazo lilitolewa miaka mitatu na zaidi kabla, na mwalimu wangu mwenyeji hakuna aliyemwambia. Alikuja kujua siku ileile niliyojua mimi, mbele ya darasa.

Sasa hili linatuhusu sisi tunaosoma ualimu. Tunatoka chuoni tukijua kupamba slaidi, lakini hatujui somo letu linategemea nini ili lifunguke. Wenzetu wa PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, walikuwa na majaribio mengi ya sayansi ya Java na Flash. Walikaa chini wakaanza kuyaandika upya kwa HTML5, ambayo kivinjari kinaisoma chenyewe. Unapakua mara moja, unafungua bila intaneti, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo kazi ya mtu anayemfikiria mwanafunzi wa mwisho darasani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza ni letu sisi: usiandae somo linalodai mwanafunzi aongeze programu. Lijaribu kwenye kompyuta ileile utakayofundishia, intaneti ikiwa imezimwa. Na ukituma PDF kwenye grupu, ipunguze uzito. Kwa miaka mingi Chrome ya simu za Android imekuwa ikiipakua PDF nzima kwanza ndipo ifunguliwe na programu nyingine, na bando la mwenzako ni pesa ya chakula.

La pili ni la walimu wetu wa teknolojia ya elimu: mtufundishe hili, hata ikibidi tupunguze kukariri aina za programu kwa ajili ya mtihani.

Wiki mbili baadaye nilirudi kwenye ile maabara na faili moja ndani ya flashi. Likafunguka kwenye kompyuta zote. Yule kijana safari hii hakuuliza habari za kompyuta. Aliuliza kwa nini ukiongeza taa ya pili kwenye mstari uleule, zote mbili zinafifia.