Mvua ya Mawe na Mchuma Chai



Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tuchumao chai katika vilima vya Kericho na Nandi hatuhitaji kufundishwa dalili hizo. Asubuhi jua huwaka na mbingu ni safi. Saa saba mchana mawingu hupanda, saa tisa ngurumo husikika, na kabla kikapu hakijajaa mawe yanatupiga mgongoni. Habari hii twaijua kwa miili yetu. Yafaa tuijue kwa akili pia, maana asiyejua jinsi hatari inavyotokea hawezi kudai kinga yake.

Basi na tueleze. Mchana jua hupasha nchi kavu joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu huwa nyepesi ikapanda, na upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria huja kushika mahali pake. Upepo huo hupanda vilima vyetu na kukutana na pepo zitokazo mashariki, nazo zikikutana hazina njia ila kwenda juu. Hewa ikipanda hupoa, mvuke wake hugeuka wingu, na wingu huinuka hata kupita kilomita 10. Huko juu matone huganda. Upepo ulio ndani ya wingu huyabeba mawe hayo, yakazidi kujivika barafu, mpaka yanakuwa mazito na upepo hauyawezi tena. Ndipo yanapoanguka. Mahali pengi mawe huyeyuka njiani, lakini Kericho iko kama mita 2,000 juu ya bahari, kwa hivyo safari yake ni fupi. Ndiyo sababu Kericho imejulikana duniani kote kwa jambo hili: katika mwaka mmoja zilihesabiwa siku 132 za mvua ya mawe.

Tena, vipande vya barafu vikigongana ndani ya wingu huzaa umeme, nao ukishuka ndio radi ituuayo. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, pepo huelekea ziwani, na tufani huwakuta ndugu zetu wavuvi gizani.

Tukilalamika twajibiwa hivi: "Mvua ni ya Mungu, tajiri afanye nini?" Ni kweli, mvua ni ya Mungu. Lakini mizani si ya Mungu. Nyapara asemaye "malizeni mstari huu kwanza" hakutumwa na wingu. Mshahara wa kuhesabu kilo ni mapatano ya wanadamu, na mapatano ya wanadamu hubadilishwa na wanadamu.

Mawe yakishapiga, majani machanga hupasuka na kudondoka, na mti wa chai hukaa majuma kadhaa kabla ya kutoa chipukizi jema. Kwa tajiri hiyo ni hasara ya kuandikwa katika vitabu vya mwaka. Kwa alipwaye kwa kilo, ni unga wa juma hili na karo ya mtoto mwezi huu.

Katika miaka ya 1960 maroketi yalirushwa mawinguni huko Kericho, halafu zikaja ndege kumwaga dawa, ili mawe yapungue. Fedha za kuliokoa jani zilipatikana. Sisi hatupingi jani kuokolewa, kwa kuwa ndilo riziki yetu. Twauliza tu: mkono ulichumao jani hilo umetengewa nini?

Nasi tuna lawama yetu. Wengi wetu, tukisikia ngurumo, hubaki shambani kwa ajili ya kilo mbili tatu, kisha mvua ikishika hukimbilia chini ya mkaratusi. Mti mrefu ndio unaoita radi. Kibanda kisicho na kuta nacho hakikingi kitu. Mwaka 2011, huko Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya Runyanya, nao walikuwa shuleni. Paa peke yake halitoshi. Nyumba salama ni ile yenye kuta, tena yenye chuma cha kukinga radi kilichoshuka mpaka ardhini.

Kipimo cha hatari hakihitaji mtaalamu. Ukiona umeme, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ikiwa ngurumo imekuja kabla ya sekunde 30, radi iko karibu nawe: ondoka.

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi akimwarifu msimamizi wake juu ya hatari kubwa iliyo karibu, asilazimishwe kurudi mahali hapo wakati hatari ingalipo. Sheria hiyo haikusema hatari ya mashine tu.

Kwa hivyo twaona chama kipeleke madai matatu mezani. Kwanza, ngurumo ikija kabla ya sekunde 30 kazi isimame, wala isianze tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Pili, kila sehemu ya shamba iwe na nyumba ya kukimbilia, yenye kuta na chuma cha radi, mahali ambapo hata mama mjamzito aweza kufika upesi. Tatu, saa za tufani zilipwe, na siku ambazo jani limeharibiwa na mawe mchumaji apate mshahara wa siku, hata kama kikapu ni chepesi.

Kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao. Andikeni siku ambazo mawe yalianguka, saa ambayo kazi ilisimamishwa, na kilo zilizopotea. Tukienda mezani na maneno matupu tutaambiwa tena kuwa mvua ni ya Mungu. Tukienda na daftari, itabidi tujibiwe juu ya mizani.

Umoja ni nguvu.