Chuo cha Watumishi na Lugha ya Barua

Serikali ni jambo kubwa, lakini kwa mtu wa Wete serikali ni mlango mmoja, meza moja na mtu mmoja aliyekaa nyuma ya meza ile. Waziri humsikia redioni. Karani humwona kwa macho. Karani akinena maneno yanayofahamika, serikali imenena. Akinena yasiyofahamika, serikali nzima imekuwa bubu. Kwa sababu hii chuo kinachofunza makarani na maofisa ni chombo kizito kuliko vyuo vingi vyenye majengo marefu zaidi, na kosa likiingia humo hutembea mpaka kijiji cha mwisho. Nadai kuwa kosa limeingia. Mtumishi wetu hufunzwa kwa Kiingereza kazi ambayo ataifanya kwa Kiswahili, kisha husimamishwa mbele ya wananchi pasipo kufunzwa sawasawa namna ya kuwaandikia.

Zanzibar inacho Chuo cha Utawala wa Umma, kilichowekwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2007, nacho kipo Tunguu, Unguja. (Jina lake zuri la Kiswahili halitamkwi sana, watu wamelizoea kwa herufi tatu za Kiingereza, na hilo peke yake lingetosha kunifanya nishike kalamu.) Bara kuna Chuo cha Utumishi wa Umma, kilichozaliwa mwaka 2000 kwa kuunganisha kituo cha mafunzo ya watumishi cha Dar es Salaam na Chuo cha Uhazili cha Tabora. Sina ugomvi na kuwapo kwa vyuo hivi. Nchi isiyofunza watumishi wake hutumikiwa na bahati, na bahati haina masjala. Ugomvi wangu ni na desturi iliyovikuta vyuo hivi na kuvimeza: kwamba masomo ya stashahada na shahada lazima yasomwe na kutahiniwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo somo lenyewe ni jinsi ya kumhudumia mtu asiyekijua Kiingereza. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi. Je, lugha rasmi inakuwaje mgeni katika chuo cha watumishi rasmi?

Watu hunijibu kuwa jambo hili ni dogo. Nitaeleza udogo wake.

Mzee mmoja wa kijiji kisicho mbali na mji wetu aliniletea barua nimsomee. Macho yake ni mazima na kusoma anajua; barua alikwisha kuisoma mara tatu. Alikuwa ameiandikia ofisi moja kuhusu mpaka wa shamba la eka tatu, alilopewa baba yake baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, akangoja miezi kadhaa. Jibu lilikuwa hili: ombi lake limepokelewa, linaendelea kufanyiwa kazi kwa mujibu wa taratibu husika, na ataarifiwa ipasavyo mchakato utakapokamilika. Akaniuliza, "Mwanangu, barua hii inaniambia nimepata au nimekosa?" Mimi nimesoma lugha hii mpaka nikapewa udaktari, na sikuweza kumjibu.

Tuitazame barua ile kama tunavyotazama matini darasani. Ombi limepokelewa: na nani? Linafanyiwa kazi: na nani, kazi gani? Ataarifiwa: na nani, lini? Vitenzi vitatu vimepita mbele yetu na hatukumwona mtendaji hata mmoja. Kiambishi cha kauli ya kutendwa katika Kiswahili ni kifupi mno, lakini ofisi nzima inaweza kujificha nyuma yake. Kisha huja mchakato, ambao unakamilika wenyewe, kama embe linavyoiva mtini pasipo mtu kulitikisa. Na taratibu ni husika; zinahusika na nini, hatuambiwi. Mtu wa Pemba akimwandikia jirani yake hawezi kuandika hivi. Angeandika: barua yako nimeipata; mpima ardhi atakuja shambani siku fulani; ukimkosa, mwone fulani katika ofisi ya Wete, na usiache kuchukua karatasi za marehemu baba yako. Kiswahili hicho hakihitaji kamusi.

Basi lile la kwanza lilitoka wapi? Halikutoka Wete wala Mtambwe. Lilitoka katika daftari. Kijana amesoma miaka miwili au mitatu ya utawala kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha ofisini, ambacho Waingereza wenyewe hukilalamikia. Anaporudi nyumbani na kukaa mezani, huifikiri barua kwa lugha ya daftari lake kisha huifasiri neno kwa neno. Matokeo yake yana sauti za Kiswahili na mifupa ya Kiingereza. Simlaumu kijana. Hakuna aliyemwonyesha barua njema ya Kiswahili ikachambuliwa ubaoni, wala aliyempa barua mbaya akamwambia aitengeneze.

Lakini, husemwa, mtumishi wa Zanzibar ni Mswahili aliyenyonya lugha hii kwa mama yake, sasa afunzwe nini? Hoja hii hupendeza wale ambao hawajasoma majalada yetu. Kusema ni jambo moja, na kuandika uamuzi ukaeleweka ni jambo jingine. Mwaka 1948 serikali ya Uingereza ilichapisha kitabu cha Sir Ernest Gowers, ofisa mkubwa wa siku nyingi, kilichoandikwa kwa ombi la Hazina yao ili kuwafunza watumishi wa serikali kuandika Kiingereza chepesi. Watumishi wale walikuwa Waingereza. Walikinyonya Kiingereza kwa mama zao nao. Hata hivyo wakubwa wao waliona haya kuwaacha wananchi wakihangaika na barua za kodi na posho za uzeeni. Sisi tulichukua Kiingereza chao tukayaacha mafunzo hayo waliyojifunza juu yake.

Na kuna kichekesho kilicho chungu zaidi. Wadachi walipotaka kutawala pwani hii walifungua chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin mwaka 1887, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofunzwa humo kwa watu waliotumwa huku. Amur bin Nasur, mtu wa Zanzibar, alifundisha pale katika miaka ya 1890, na baada yake Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Tanga walianzisha shule ya serikali iliyotoa makarani na maakida, na barua za akida kwa bwana mkubwa zikawa za Kiswahili. Waingereza walipochukua Tanganyika waliendelea na desturi hiyo, ofisa wao akitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili. Hawakufanya hayo kwa mapenzi. Walijua kuwa mtawala asiyeeleweka hulipwa kodi kidogo na huasiwa mapema. Mgeni aliyekuja kutunyang'anya alitahiniwa Kiswahili. Mwenyeji aliyeajiriwa kututumikia anatahiniwa Kiingereza! Nimewauliza wenzangu wa historia wanifafanulie mantiki ya jambo hili, nao wamecheka tu.

Wapo wasemao kuwa Kiswahili hakina istilahi za utawala. Huyu ni mzee wa hoja zote, na kila akizikwa hufufuka. Lugha yenye masjala, jalada, uhazili, uhasibu, mirathi, wakfu, hati, dhamana na rufaa haikuzaliwa jana katika ofisi. Mwaka 1967 Rashidi Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Zanzibar ililipata baraza lake kwa sheria ya mwaka 2004. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama huko Bara. Ikiwa hakimu anaweza kumhukumu mtu kwa Kiswahili, mwalimu wa utawala ashindwe kueleza likizo, nidhamu na utunzaji wa kumbukumbu? Neno likikosekana, na litengenezwe darasani, ambamo wenye kulihitaji wamekaa. Istilahi hazitungwi kabatini zikangoja kuombwa.

Kuhusu wageni na wafadhili, sina maneno mengi. Wapo maofisa ambao kazi yao ni kukutana nao, na hao wafunzwe Kiingereza barabara, kama somo, tena na Kiarabu na Kifaransa wakiweza. Lakini pensheni jamii, ambayo tangu mwaka 2016 hulipwa Wazanzibari waliofika miaka 70, haina mgeni ndani yake. Mwenye kuidai ni bibi wa Gando au Kojani, na mwenye kumjibu ni mjukuu wake kwa umri. Baina ya watu hawa wawili Kiingereza hakina kiti.

Nataka nini basi? Sitaki madaftari yote yafasiriwe kwa mwaka mmoja. Jambo hilo lingeharibika kwa haraka yake. Nataka kianzio kidogo kilicho cha lazima: somo la uandishi wa Kiswahili cha ofisi kwa kila mwanafunzi, awe wa uhazili au wa rasilimali watu, nalo lifundishwe kwa barua za kweli zilizofutwa majina. Ajifunze kuandika kukataa. Kukubali ni rahisi, kila mtu hukubali kwa ufasaha. Ofisa hupimwa kwa barua ya kukataa, yenye sababu, yenye jina la aliyeamua na mahali pa kukata rufaa. Asiyefaulu somo hili asipewe cheti, hata kama amepata alama za juu katika nadharia za uongozi.

Na mtihani wake usisahihishwe na wahadhiri peke yetu, maana sisi tumezoea kufahamu hata kisichoeleweka. Barua ya mtahiniwa isomwe kwa sauti mbele ya watu watatu kutoka vijijini: mkulima wa karafuu, mvuvi na mama wa nyumbani. Kila mmoja aulizwe maswali matatu: umepewa au umenyimwa, nani ameamua, na kesho uende wapi. Wakishindwa kujibu, mtahiniwa arudie mwaka ujao. Na wale watatu walipwe nauli na posho ya siku, sawasawa na watahini wengine.