Bundi wa Mikarafuuni Asipigwe Mawe



Bundi akilia usiku karibu na nyumba, wengi wetu hushtuka na kusema analeta msiba. Kukipambazuka watoto humwandama kwa mawe. Hilo si jambo jema. Yule mdogo aliaye "hu" mojamoja mikarafuuni ni bundi wa Pemba, ambaye Bwana Pakenham aliwajulisha wataalamu habari zake mwaka 1937. Mtu wa Mapera, kule Mbinga, hawezi kumwona mibunini kwake. Duniani kote hayuko ila kisiwani kwetu, katika msitu wa Ngezi na mashambani mwetu. Chakula chake ni wadudu, si roho za watu. Basi tuwakanye watoto, na miti mikubwa anamojificha mchana tusiikate ovyo. Akitoweka Pemba, ametoweka duniani.