Historia ya klabu si mabao pekee

Waulize vijana wetu ni nani aliye mkuu katika historia ya Gor Mahia, nao watakutajia Peter Dawo. Sina ugomvi nao. Mwaka wa 1987 mabao yake yalichangia pakubwa klabu hiyo kutwaa Kombe la Washindi barani Afrika. Esperance walitoka nao sare ya 2-2 mjini Tunis na 1-1 Kasarani, mabao ya ugenini yakaamua. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa taji la bara.

Lakini bao ni tunda, mti je? Nahodha Austin Oduor, kocha Jack Johnson, na wale waliounganisha Luo Union na Luo Stars mwaka wa 1968, klabu ikazaliwa, wana nafasi gani katika orodha yetu?

Kwa maoni yangu, kipimo kiwe hiki: asingalikuwapo mtu huyu, klabu ingalikuwa wapi? Walimu, watumeni wanafunzi kwa wazee walioyashuhudia hayo kabla hawajatutoka. Mfungaji huandikwa gazetini; mwasisi huzikwa na kisa chake.