Barafu ya Greenland Uwanjani Paris

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba sanaa ya kisasa ya Ulaya ni ama sanamu ama upuuzi. Kauli hiyo naipinga, na shahidi wangu ni Olafur Eliasson, msanii aliyezaliwa Denmark mwaka 1967 kwa wazazi wa Iceland.

Desemba 2015, mataifa yalipokutana Paris kujadili tabianchi, Eliasson na Minik Rosing, mtaalamu wa miamba kutoka Greenland, waliweka mapande 12 ya barafu kwenye uwanja wa Panthéon, yamepangwa duara mfano wa saa. Barafu hiyo ilikuwa imekwisha kumeguka yenyewe. Ilivuliwa ikielea kwenye hori ya Nuuk. Ikaachwa iyeyuke. Watu waliigusa, wakaikumbatia, wakaitegea sikio, kwani hewa iliyofungwa humo tangu zama za kale hutoka kwa mlio mdogo kila barafu inapoyeyuka.

Hapo hapana sura ya kiumbe mwenye roho, basi lile la sanamu limekwisha. Lililobaki ni la upuuzi.

Msomaji, mtu akisema “kitendawili” na pasiwe na wa kumjibu “tega”, ana nini? Ana maneno yake tu. Kadhalika barafu ile: bila ya mkono wa mpita njia ni barafu, basi. Wanasayansi wametwambia kwamba barafu yote ya Greenland ikiyeyuka bahari itapanda kiasi cha mita 7. Hesabu hiyo tumeisoma, tukakunja gazeti. Mkono uliokufa ganzi hausahau upesi hivyo. Na sisi ndio tunaoamini kwamba viungo vitakuja kutoa ushahidi.

Wapo waliomlaumu kwamba kuisafirisha barafu kwa meli na malori kulitoa moshi ule ule unaoiyeyusha. Lawama hiyo ina haki yake, ingawa hesabu ya moshi huo aliitoa hadharani. Langu mimi ni jengine. Alianza Copenhagen mwaka 2014, na baada ya Paris akaenda London mwaka 2018. Yote ni miji ya wenye viwanda. Wao wameonjeshwa barafu. Sisi tunapokea maji yake. Mbele ya Fort Jesus imebidi ujengwe ukuta wa mawe kuzuia mawimbi.

Lakini kumngoja Eliasson ni uvivu, na bahari tunayo. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na mtoto wa chuoni aijuaye tarehe ya Kiislamu aweza kuzihesabu siku zake. Wasanii wetu na wasimamishe boriti ufukweni, toka Lamu hata Vanga, na kila bamvua watoto watie alama ya rangi pale maji yalipofika, mwaka hata mwaka, kila mmoja na jina lake. Bamvua kubwa zaidi huwa karibu na Machi na Septemba. Hapo ndipo pa kuanzia.